Nilivyotembeza Harufu Mbichi

Jumatatu, 8 Januari

Binti yangu kaninunulia daftari. Kasema, "Mama, mengine uwe unayaandika humu, masikio yetu nayo yapumzike." Nikamwambia shule mimi niliiachia njiani, herufi kubwa na ndogo bado zinanichanganya. Akasema andika zote ndogo, hakuna polisi wa herufi. Haya, naandika.

Nianze na kazi yangu, maana watu hawaamini kama ni kazi. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ana duka la manukato. Anachanganya mwenyewe kwenye chumba cha nyuma, chupa zimepanda ukutani mpaka karibu na dari. Mimi ni mtembeza harufu wake. Akitengeneza kitu kipya ananipaka kwenye vifundo vya mikono na nyuma ya masikio, halafu ananitoa nje kama mbuzi. Naenda sokoni, naenda benki kusimama kwenye foleni isiyo yangu, naenda kukaa kwa watu. Wifi anasema manukato ndani ya duka yote yana adabu, ni kama mchumba siku ya kwanza. Tabia yake utaijua akishapigwa na jua. Mchana narudi, ananusa mikono yangu, na mimi namwambia watu wamesema nini. Kwa hiyo kazi yangu ni kuzurura na kusema. Mume wangu anasema nilizaliwa nayo, sema nilichelewa kuajiriwa.

Leo kanipaka kitu ambacho sijawahi kukinusa toka nianze. Si ua, si tunda, si ule utamu wa vichupa vya kuuzwa barabarani. Ni ubichi. Ukikata bua, ukamenya njegere, ukashika majani ya nyanya halafu ukasahau kunawa, ndiyo hiyo. Nikamwambia, "Wifi, hii ni manukato au mboga?"

Akasema, "Tembea."

Fundi Viatu anakaa mlangoni pale pale dukani, kiti chake na nyundo yake na gundi yake. Nilivyompita akainua kichwa. "Redio," ndivyo anavyoniita, "umelala shambani?"

Jumatano, 10 Januari

Sasa nimejua ile mboga ni ya nini. Kaja Mama Vitambaa, yule mwenye duka kubwa la nguo kule barabara ya juu, mwanamke anayetembea kama ana sinia la mayai kichwani. Katikati ya mwezi ujao anaingiza magauni ya jua, mepesi yale, na anataka manukato ya kuuza nayo.

"Kila kiangazi ni yale yale," akasema. "Wanakuja wamejipaka utamu, joto likishika duka zima linanuka keki iliyoungua. Nataka kitu mtu akivaa na gauni la jua, aliye karibu naye apate ahueni. Ukinipatia, nauza cha kwako peke yake."

Wifi akasema atampatia. Hakutabasamu wala nini. Alipoondoka ndiyo akakaa kwenye kigoda, akaniambia neno ambalo hajawahi kuniambia. Kijana wake wa pekee, yule wa mji wa mbali, kila wiki anampigia simu: Mama funga duka, njoo upumzike, njoo ukae na wajukuu. "Nikilikosa hili la Mama Vitambaa sina jibu la kumpa. Nitaenda kukaa kwenye kochi la mkwe wangu, nipokezwe watoto asubuhi, nipewe rimoti jioni."

Nikamwambia rimoti si mbaya. Akanitazama vile, nikaenda kufagia.

Alhamisi, 11 Januari

Joto. Hakuna lingine.

Jumamosi, 13 Januari

Nimetembea na ile mbichi mpaka kandambili zimekaribia kuyeyuka. Watu hawasemi kama ni nzuri au ni mbaya. Wanageuka. Kwenye foleni ya benki mwanamume wa mbele yangu kageuka, katazama mikono yangu, kageuka tena, mwisho kauliza, "Dada, umebeba nini?" Nikamwambia sijabeba kitu. Akasema, "Nimekumbuka kumwagilia maua," akaacha foleni akaondoka. Nikasogea nafasi moja.

Nimerudi nikamnyooshea wifi mkono. Sasa hapa ndipo sikuelewa. Zamani alikuwa anaushika mkono wangu kama daktari, anafumba macho, ananusa hapa, ananusa pale, halafu anasema, "Umepita jirani na samaki," na kweli nimepita. Leo kanusa mara moja tu. Akasema, "Bado ipo." Halafu akauliza, "Na wewe unasikia nini?"

Mimi. Miaka yote hii hajawahi kuniuliza mimi nasikia nini. Ni kama fundi wa saa akuulize wewe ni saa ngapi.

Jumanne, 16 Januari

Joto. Paka wa jirani kalala kwenye beseni letu, tumemwacha.

Alhamisi, 18 Januari

Nimejua yanakotoka majani ya ile mbichi. Nyuma ya tangi la maji kuna mwanamume analima nyanya na matango, mjane wa muda mrefu, mikono imemjaa kijani mpaka kwenye kucha. Tunamwita Bwana Bustani. Leo saa mbili asubuhi nimemkuta anatoka duka la wifi kwa mlango wa nyuma. Wa nyuma, jamani. Na wifi kashika kifurushi kimefungwa kwa gazeti, ananusa. Amefumba macho. Anatabasamu.

Wifi yangu huyu, ambaye siku ya harusi yangu alitabasamu mara moja, na ilikuwa ni kwa mpiga picha.

Mimi sisemi kitu. Naandika tu.

Ijumaa, 19 Januari

Nimemwambia Fundi Viatu. Lakini nimemwambia asimwambie mtu.

Jumatano, 24 Januari

Joto limezidi, lami inashika soli. Na maneno nayo yamezidi. Nilichosema mimi ni kwamba Bwana Bustani alitoka mlango wa nyuma akaacha kifurushi. Leo muuza mkate kaniambia mimi, kwa sauti ya chini, kwamba wifi anaolewa mwezi wa tatu, na kwamba Bwana Bustani kashapima chumba cha nyuma kwa kamba. Nikamuuliza kasikia wapi. Akasema, "Kwa mtu wa uhakika." Nimefuatilia. Mtu wa uhakika ni mimi.

Lakini mwenzenu nawaza: kama si mapenzi, ni nini? Mtu anayejua waridi la kila namna, anayeweza kukaa siku nzima kwenye tone moja la yasmini, kwa nini kila asubuhi anafikicha majani ya nyanya na kuyaweka puani kama mtu anayesalimiana nayo? Na yale mafuta ya gharama juu ya rafu yana vumbi. Nimepitisha kidole. Vumbi la kuandika jina.

Jumamosi, 27 Januari

Kijana wa wifi kanipigia mimi. Huyu akitaka kitu ananiita mama mdogo, akinuna ananiita mkazamjomba.

"Mkazamjomba," akasema, "ni kweli mama anaolewa na muuza nyanya?"

Nikajua kumekucha. "Mwanangu, nani kakwambia?"

"Nimepigiwa na watu watatu. Mama yangu kwenye umri wake achekwe mtaani? Nakuja mwenyewe na gari, mwanzo wa mwezi wa tatu nikipata likizo. Nitamfungia vyombo vyake nimlete huku. Safari hii siombi."

Nikamwambia ana kazi kubwa ya Mama Vitambaa. Akasema, "Ni yale yale maneno ya kila mwaka," akakata.

Sikulala mchana, na mimi usingizi wa mchana ni kitu ninachokiheshimu. Sikupeleka ile habari mbali, niliiweka mlangoni tu. Ikajiendea.

Alhamisi, 1 Februari

Leo naandika mengi, mkono utaniuma.

Nimeingia dukani asubuhi, chumba cha nyuma kimejaa moshi. Maziwa kwenye jiko dogo yamekauka, yameungua, sufuria imekuwa nyeusi kama soli. Harufu ile ilikuwa imefika kwa Fundi Viatu, ndiye kaniambia, "Ingia haraka, wifi yako anapika matairi." Na wifi kakaa pale pale, mgongo umeelekea jiko, hatua mbili, anahesabu matone yake, katulia kabisa. Hana habari.

Nimezima jiko. Nimefungua dirisha. Akashtuka kwa kuniona mimi. Kwa kuniona, si kwa moshi.

Mimi nina mdomo lakini sina upumbavu. Nikachukua chupa ya miski kwenye rafu, ile kali inayomtoa machozi mtu aliye nje, nikaifungua nyuma ya kichwa chake. Kimya. Nikaisogeza. Kimya. Nikaipitisha chini ya pua yake kabisa.

"Hicho ni nini?" akauliza.

Nikakaa chini. 

Akaniambia yote. Yale mafua ya miezi ya baridi, yaliyomlaza wiki mbili na sisi tukasema ni mafua tu. Yalipoondoka yaliondoka na pua. Kaenda kwa daktari, daktari kasema inaweza kurudi, inaweza isirudi, tusubiri. "Waridi kwangu ni maji," akasema. "Yasmini ni maji. Miski hiyo uliyonipitishia kama mwizi, ni maji. Nimekuwa nachanganya kwa kukumbuka, kama kipofu anavyotembea nyumbani kwake."

"Na hiyo mboga?"

Akafunika chupa yake kwanza. "Mwezi wa kumi na moja nilipita nyuma ya tangi. Yule bwana alikuwa anapunguza matawi ya nyanya. Nikasikia. Wifi, nilisimama pale kama mtu aliyeitwa kwa jina. Nikadhani nimepona, nikarudi mbio, nikafungua waridi. Maji. Nikarudi kule kwa nyanya. Ipo. Tango lipo, njegere ipo, majani yakikatwa yapo. Mlango wote umefungwa, umebaki ufa mmoja, na kwenye ufa huo linapita jani."

Kumbe ndicho anachofumbia macho. Na mimi nimemwoza mtu kwa ajili ya jani.

Nikaona bora niseme mwenyewe kabla hajaambiwa. Nikamweleza maneno yalivyotoka kwangu, yalivyofika kwa Fundi, mpaka kwa kijana wake, na kwamba anakuja na gari mwanzo wa mwezi wa tatu. Nilingoja anitupie sufuria.

Akasema, "Umenitafutia mume bila kuniuliza kama namtaka."

"Unamtaka?"

"Nataka majani yake." Halafu akanishika mkono, wifi ambaye hashiki watu. "Sikiliza. Kijana akijua pua yangu imekufa, hapatakuwa na mjadala, nitabebwa kama kabati. Na Mama Vitambaa akijua, atanunuaje kwa mchanganyaji asiyenusa? Kwa hiyo hili libaki hapa. Utaweza?"

Nikasema nitaweza. Hata mimi sauti yangu niliisikia haina uhakika.

Ijumaa, 2 Februari

Sijasema.

Jumamosi, 3 Februari

Sijasema. Fundi Viatu kauliza, "Redio, betri zimeisha?" Nikamwambia naumwa jino.

Jumatatu, 5 Februari

Nimekuwa pua. Wifi anachanganya, mimi nanusa, namwambia. Kazi ina raha hii. Sasa naanza kusema, "Hapana, hiki kikali," au, "Ongeza kidogo," na mtu mzima mwenye duka anaongeza. Nyumbani nimeanza kunusa kila kitu. Nimemwambia mume wangu shati lake lina unyevu kwenye kola. Kasema, "Nilikuoa una mdomo tu, hii pua ni ya nani?" Nikabadilisha habari. Jino bado linauma kwa Fundi.

Joto limekaa kifuani kama mgeni aliyegoma kuondoka.

Ijumaa, 9 Februari

Nimetoa wazo. Ile mbichi ni ya ajabu, nakubali, inaburudisha, lakini ni kavu. Haimbembelezi mtu. Mimi pua yangu inapenda kubembelezwa. Nikamwambia wifi tuweke yasmini.

"Yasmini siisikii," akasema.

"Mimi naisikia."

Akafikiri. "Mbichi itaonekana?"

"Itaonekana vizuri zaidi." Hivyo ndivyo nilivyosema, kwa ujasiri wa mtu aliyeanza kazi Jumatatu.

Akaweka. Nikasema ongeza. Akaongeza. Nikasema na waridi, tone tu. Chumba kizima kikawa kama nyumba ya bibi harusi. Ile ya kwanza, mbichi tupu, kaifunika akaiweka chini ya meza.

Jumatatu, 12 Februari

Nimetembea nayo. Watu wanasema nzuri, nzuri. Wanasema "nzuri" huku wanaendelea na mambo yao. Hakuna aliyegeuka. Nimemwambia wifi wameipenda sana. "Sana" niliiongeza mimi.

Jumatano, 14 Februari

Joto, joto, joto. Nimemkuta Fundi Viatu amehama kiti chake mita kadhaa. Kasema gundi yake inakauka pale. Gundi gani inakauka kwenye kivuli?

Ijumaa, 16 Februari

Kaja Mama Vitambaa. Saa nane mchana, jua limesimama wima, na mimi nimejipaka toka asubuhi ili anuse kwangu kitu kilichokwisha kutembea.

Akaushika mkono wangu, akanusa. Akarudisha mkono kama anavyorudisha kitambaa chenye doa.

"Hapa juu ni yale yale ya kila kiangazi," akasema. "Na chini yake kuna kitu kinaoza. Kama mboga zimesahauliwa kwenye mfuko wa plastiki."

Na Fundi Viatu, aliyekuwa mlangoni anasikiliza, kazi yangu kaifanya yeye: "Afadhali umesema wewe, mama. Mimi nimehama kiti."

Nilitamani sakafu ifunguke. Nikasema jua limezidi, nikasema mimi natoka jasho sana, nikasema nilibeba mboga kweli asubuhi. Nilikuwa nasema tu, mnanijua. Nikafika mahali nikamsikia wifi, "Nyamaza." Hakupaza sauti.

Akaja akaushika mkono wangu. Akafumba macho. Akanusa muda mrefu, kama zamani.

"Umeifukia," akaniambia. "Nasikia mbichi kwa mbali, iko chini huko, kama mtu anaita ndani ya kisima. Ulisema itaonekana vizuri zaidi."

Nikaanza kuufuta ule mkono kwa kanga.

Mama Vitambaa alikuwa kashashika mkoba wake. Wifi akasema, "Mama, kaa kidogo. Nikwambie kitu, halafu ukiondoka uondoke unakijua." Nikamkonyeza, nikamvuta gauni, nikakohoa. Akaendelea. Akamwambia yote pale pale, mafua, daktari, waridi maji, yasmini maji. Fundi Viatu kashusha nyundo. Siri niliyoishika kwa meno wiki mbili nzima, kaimwaga yeye kwa dakika moja.

Mama Vitambaa akauliza, "Sasa unaniuzia nini, kama husikii?"

Wifi akainama, akatoa ile chupa ya chini ya meza. "Nakuuzia ninachokisikia. Hiki nilikitengeneza peke yangu, kwa pua yangu, kabla sijaogopa na kutafuta pua ya kuazima. Hakina utamu hata tone. Sijui kama kitapendwa. Najua hakiozi."

Akampaka mwenyewe, kifundo kimoja tu. Mama Vitambaa hakunusa. Akasema, "Ndani ya duka kila kitu kina adabu. Nitakaa nacho kwangu, kwenye joto langu. Nipe chupa." Akaichukua, akatoka na mwendo wake wa sinia la mayai.

Tukabaki. Nikaanza kulia, wifi akasema nisilie karibu na chupa. Fundi Viatu akarudisha kiti chake mlangoni, akakaa, akagonga soli mara mbili tatu, halafu akasema bila kugeuka, "Hili silisemi kwa mtu." Na mimi nikamwamini, jambo la kushangaza.

Jumamosi, 17 Februari

Kimya.

Jumatatu, 19 Februari

Kimya. Nimepita mbele ya duka la Mama Vitambaa mara nne. Magauni yameingia, yananing'inia kama samaki wa rangi. Yeye nimemwona kwa kioo, hakuniona, au kaniona.

Jumatano, 21 Februari

Wifi kapokea simu ya kijana. Nilikuwa nafuta chupa, sikusikiliza, nilisikia. Alisema, "Njoo tu, mwanangu." Halafu akasema, "Ndiyo, na pua imekufa, ni kweli, nilikuficha." Halafu akawa anasikiliza tu. Alipokata nikamwuliza kasema nini. Kasema kijana analia. Kumbe yule anayenuna anajua kulia. Miaka yote nimemwona kama karani wa ushuru, anakuja kumhesabu mama yake. Kumbe anaogopa. Maziwa yataungua siku moja hayupo, ndicho alichosema.

Mimi nikasema kimoyomoyo, nipo mimi. Halafu nikakumbuka kazi niliyoifanya nikiwapo.

Ijumaa, 23 Februari

Joto. Bwana Bustani kaleta majani, kwa mlango wa mbele, saa nne asubuhi, mtaa mzima unaona. Kaniamkia kwa heshima: "Shikamoo mshenga." Fundi Viatu kacheka mpaka kameza msumari, au kadhani kameza, tumeupata kwenye kola.

Jumanne, 27 Februari

Wifi kaanza kufunga chupa kwenye makatoni. Zile za waridi, yasmini, miski, zote. Nimeuliza anajiandaa kwenda kwa kijana? Kasema, "Sizisikii. Ziwe za kwenda au za kubaki, siwezi kuuza nisichokisikia." Kampigia mchanganyaji mwingine, yule wa upande wa pili wa mji ambaye wamenuniana miaka, aje azichukue. Kaja. Mzee yule kashika ile miski, kanusa, katikisa kichwa, kamwambia, "Dada, hii sitaweza kuitengeneza hata nikizaliwa tena." Wifi kamwambia, "Itumie vizuri." Basi. Ukuta umebaki na alama za mviringo, mahali chupa zilipokaa.

Sijui kama nimeona mtu anafunga duka au anafagia. Nimemwuliza, naye kasema hajui.

Ijumaa, 1 Machi

Saa tano asubuhi. Mama Vitambaa kaingia na jasho, sinia la mayai limemponyoka, yaani kaja anatembea kama sisi.

"Wanawake wanne," akasema, hata salamu hakuna, "wanne tangu Jumatatu wameingia dukani kuuliza kama nimemwagilia mahali. Wanazunguka wanatafuta mimea. Mmoja kafungua mlango wa stoo. Nawaambia ni mimi. Wananinusa mkono. Mkono wangu, watu nisiowajua." Akakaa kwenye kigoda. "Mwanzoni sikuipenda. Siku ya pili sikuipenda. Siku ya tano nilisahau kujipaka, nikaona joto limenirudia."

Wifi akasema, "Na jioni inakuwaje?"

"Jioni inakuwa kama nimetoka kuoga. Sijui inafanyaje, usinieleze." Akanyanyua kidole. "Lakini nataka hii tu. Usiniletee ndugu zake, usiniletee yenye yasmini ya huyu." Huyu ni mimi. "Kreti sita, kesho. Joto bado lina mwezi na zaidi."

"Kwenye kila kreti nitakufungulia chupa moja, unuse kabla hujaanza kuuza," wifi akasema. "Mimi nitanusa mbichi. Wewe utanusa kama kuna kingine kimeingia ambacho mimi sikisikii."

"Kwa hiyo na mimi unaniajiri?"

"Huyu hapa kafukuzwa kwenye pua. Karudishwa kwenye miguu."

Nilicheka mimi kwanza. Ni kweli. Miguu yangu haijawahi kumdanganya mtu.

Tumejaza chupa mpaka mikono ikawa ya kijani. Bwana Bustani kaja kusaidia kufikicha, Fundi Viatu kafunga vifuniko kwa koleo lake, kasema ni kama visigino vidogo.

Jumamosi, 2 Machi

Mawingu, kwa mara ya kwanza, ila hayana nia.

Kijana wa wifi kafika saa mbili asubuhi na gari la mizigo la kukodi, nyuma katandika magodoro ili vyombo visivunjike. Kashuka, kavaa ule uso. "Mkazamjomba, shikamoo. Mama yuko tayari?"

Nikamwambia marahaba, yuko ndani.

Kaingia akasimama katikati ya duka. Akatazama rafu tupu, akatazama zile alama za mviringo ukutani, na mimi nikaona mabega yake yanashuka, kama mtu aliyebeba ugomvi safari nzima na sasa hana pa kuutua. Akasema taratibu, "Umeshafunga, mama. Hukuningoja."

"Nilikungoja," wifi akasema. "Kreti ziko huku nyuma, ni nzito. Anza na hizo mbili."

Akabeba. Hakuuliza. Bila shaka alidhani ni vyombo vya mama yake, mpaka ya tatu ndipo akainama, akanusa, akasimama nayo mlangoni. "Hii ni nini?"

"Ndiyo ninayoisikia," wifi akamwambia.

Akainusa tena. Nilimtazama usoni, maana hiyo ndiyo kazi yangu, kutazama watu wananusa. Hakusema nzuri. Aligeuka akamtazama mama yake muda mrefu, kama vile mama ndiye aliyekuwa mbali na sasa kafika. Halafu akauliza, "Jiko?"

"Nimenunua lile la kuchomeka ukutani, linazima lenyewe."

"Nalitaka nilione."

Akaonyeshwa. Akalizima, akaliwasha, akangoja lizime lenyewe, tukangoja wote pamoja naye, Fundi na nyundo yake, Bwana Bustani na kofia mkononi. Likazima. Kijana akaitikia kwa kichwa polepole, akaenda kubeba kreti ya nne.

Zilipotimia sita, zikapangwa juu ya magodoro, wifi akavua aproni, akanikabidhi funguo, akapanda mbele karibu na mwanawe. Kioo kakishusha. Gari likaondoka na harufu ya bustani nyuma yake, na watu wa pande zote mbili za barabara wakageuka.

Muuza mkate akaja mbio mpaka mlangoni. "Ndiyo wamemchukua? Kaenda kukaa kwa mwanawe?"

Nikamwambia, "Kaenda barabara ya juu kupeleka mzigo. Saa kumi anarudi, ana kazi."